Rangi ya Kucha kwenye Draya

Nilikuwa msimamizi wa kiwanda kidogo cha unga wa muhogo, nje kidogo ya Malaba. Mashine yetu ya kukausha, ambayo sote tuliiita draya, ilikuwa na swichi mbili za kuzungusha: moja ya moto, nyingine ya mwendo. Kila fundi aliyeingia zamu alizizungusha zote mbili kabla hata ya kuvua koti. Waliita "kusalimia mashine." Kuiacha jinsi mwenzako alivyoiweka kulihesabiwa ni kukosa ufundi, na pengine kukosa adabu.

"Boss, mimi moto nasikia na mkono," fundi mmoja wa Chakol aliniambia. "Hizo namba ni za watu wa shule."

Mkono wake ulituletea unga wenye unyevu, ukavundia kwenye magunia. Mnunuzi wetu wa Busia akarudisha lori zima na kusema jambo hilo likitokea tena, atahamia kwa wasagaji wa ng'ambo, Uganda. Mwenye kiwanda naye akasema mnunuzi huyo akienda, anafunga. Hakuna aliyedhani anatania.

Akaletwa mtaalamu kutoka Nairobi. Alikaa wiki mbili akipima, akapata kiasi sahihi cha moto na mwendo, akaandika faili nene la Kiingereza. Tukapiga picha nalo. Kisha nikalifungia kabatini lisichafuke kwa unga, ufunguo nikautia mfukoni. Nakiri nilifurahi. Kila asubuhi fundi alikuja mlangoni, "Boss, leo tunaweka ngapi?" nami nikavaa miwani, nikapekua kurasa nilizokuwa nimeshazikariri, nikamtajia namba zilezile za jana. Kabla sijaketi, alikuwa ameshaisalimia mashine.

Ndipo nikaenda mazishini Sigalame kwa siku tatu, na ufunguo nikaenda nao. Nilirudi nikitarajia maafa, na kusema kweli nilikuwa nayatamani kidogo. Nikakuta unga mkavu, mweupe, tangu siku niliyoondoka.

Kila swichi ilikuwa na mstari wa rangi nyekundu ya kucha. Juu yake kulibandikwa kipande cha katoni chenye maandishi ya Kiswahili na Kiteso: Mshale ukae kwa rangi. Chukua kipande cha muhogo, vunja. Kikilia "ka!", toa. Kikijipinda, ngoja. Ukigusa swichi, andika jina lako hapa chini. Hapo chini hapakuwa na jina hata moja.

Mwenye kazi hiyo alikuwa mama mshona magunia kutoka Moding. Alikuwa amewauliza mafundi namba nilizokuwa nawatajia, kisha akakaa nao kwenye draya akawaonyesha kipande kizuri na kibaya.

Mtu mwenye akili angemshukuru. Mimi nilibandua katoni, nikakwangua rangi kwa kisu, nikamwandikia barua ya Kiingereza cha kunyooka: onyo, na wiki mbili nyumbani. Kesho yake salamu zilirudi. Siku ya nne unga ukaanza kunuka, na mnunuzi alikuwa anakuja baada ya siku tatu.

Nikaenda Busia kununua rangi ya kucha. Muuza duka akanitazama. "Boss, hii ni ya mama ama ya mpango wa kando?" Nikachora mistari mwenyewe, nikabandika karatasi ya nyuzi joto yenye muhuri. Mafundi wakaisoma kwa heshima zote, wakaendelea kusalimia.

Basi nikapanda boda hadi Moding. Nilimkuta akimenya mihogo na mama mkwe wake. Walinipa kiti na uji, nami nikazungumzia mvua mpaka mvua ikaisha. Mwishowe nikamwomba arudi. Akaingia ndani, akatoka na barua yangu.

"Boss, hii sikuelewa yote. Mama ananiuliza kila siku niliiba nini. Nisomee na Kiswahili, ndio asikie kosa yangu."

Kwa Kiingereza ilikuwa barua nzito.

"Inasema," nikaanza, "amewaonyesha wafanyakazi namna ya kufanya kazi, bila ruhusa."

Mama mkwe akaweka kisu chini. "Na ingine?"

"Ni hiyo tu, mama."

Aibu ilinishika hadi masikioni. Mshona magunia akasema atakuja kesho, lakini safari hii katoni nitaiandika mimi, yeye akinitajia maneno. Niliiandika, mafundi wakiwa wamenizunguka, naye akinisahihisha Kiteso changu. Mnunuzi alipakia magunia yote, kiwanda kikabaki wazi, na ile barua niliichana kwa mikono yangu. Ila mama mkwe, tukikutana sokoni, hunisalimu kwa adabu kabisa, kisha huniuliza kama leo ana ruhusa ya kununua nyanya.