Mama Nta Apata Kimya Chake

Saa tatu asubuhi, taa nyekundu inawaka juu ya mlango mzito wa chumba cha mtambo unaotoa miale ya gama. Mama Nta ametega sikio kwenye mashine inayolia "tik" kila inapohesabu nyutroni. Leo haombi namba kubwa. Anaomba kimya.

Yeye ni fundi wa maabara inayopima nyutroni, chembe ndogo mno zinazochomoka kwenye elementi nyepesi kama beriliamu zinapopigwa na miale ya gama yenye nguvu. Jina la utani amelipata kwa kuyeyusha nta ya kuzungushia vihesabio, maana nta hupunguza mbio za nyutroni hadi zihesabike. Mama mkwe wake aliamini kwa miaka kuwa kazi yake ni mishumaa.

"Akaniuliza, mwanangu, mbona huleti hata mmoja?" anasema huku akicheka.

Wiki iliyopita hakuwa na hamu ya kucheka. Hata kishikio cha kubebea sampuli kilipowekwa kitupu, bila beriliamu, mashine iliendelea kulia. Nyutroni zinatoka wapi? Mkuu wa maabara akasema wazi kwamba jaribio la leo likigoma, kipimo kinafutwa na mtambo wanapewa wengine. Na kishikio hicho alikiunda Mama Nta mwenyewe.

"Usingizi uliniruka, ndugu yangu. Niliona nimewaponza wenzangu."

Jibu alilikuta kwenye duka la vipuri, alikokwenda kununua springi za akiba za kishikio. Muuzaji akazipigia debe: "Hizi hazichoki, dada. Ni shaba iliyotiwa beriliamu."

"Weee! Kumbe kile tunachokipima nimekifunga mwenyewe ndani ya kishikio!"

Akazing'oa springi kama hizo kwenye kishikio, akaweka za chuma cha kawaida, ambacho kwa nguvu ya miale hiyo hakitoi nyutroni.

Mtambo unawashwa. Tik. Kimya kirefu. Tik nyingine, ya zile chache zinazoshuka kutoka angani siku zote. Basi.

"Mama, tumepona," mkuu anasema. Mama Nta anajibwaga juu ya boksi la nta, machozi yanamtoka, na anampigia simu mama mkwe.

"Mama, imenyamaza!"

"Haya, rudi ule sasa. Wiki nzima ulikuwa unakichezea tu chakula changu."

Kesho wanaweka beriliamu yenyewe.

"Leo nimeomba kimya nikapewa," anasema akijifuta uso. "Kesho nataka ipige kelele mpaka mkuu azibe masikio."