Bustani Nyeupe Mbele ya Baraza

Upumbavu wangu naukiri mapema: bustani niliipima kwa kulala chini. Sikuwa na futi, na mimi mtu wa kukaa nyumbani sikuona haja ya kwenda kuiazima. Nikajinyoosha mchangani mbele ya baraza, nikatia alama kichwani na nyayoni, nikainuka kujipangusa. Bibi jirani alikuwa dirishani. Nikajua ananipeleleza.

Nilikuwa nimeposa binti wa huko Mtongwe, na shangazi yake alikuwa aje kwetu Bofu kuiona nyumba kabla ya kutoa jibu. Gazeti moja la picha, nililobaki nalo tangu sekondari, lilisema mtu mstaarabu hupanda maua ya rangi moja, yale yanayodumu miaka. Nikachagua nyeupe. Uhuru ulikuwa unakaribia, kila rangi ina chama chake. Nyeupe niliona haina mwenyewe.

Nikapanda asumini, yungiyungi, na vile viua vyeupe vinavyojiotea mchangani. Pembeni nikazungusha makombe ya pwani, na katikati yake nikachomeka vipande vya sahani za kauri za marehemu mama. Upande wa juu nikasimamisha jiwe, nikalipaka chokaa.

Siku ya pili bibi akaja na kitawi cha waridi jekundu, akasema nikitie katikati, angalau. Lile "angalau" lilinitia shaka. Husuda hiyo, nikasema moyoni. Nikamshukuru, na alipoondoka nikakitupa. Toka hapo kila asubuhi nilihesabu makombe yangu. Wapita njia nao sikuwaamini: wakifika kwangu walishusha sauti, wengine midomo ikiwacheza. Wananionea gere, nikajiambia.

Shangazi alikuja Ijumaa baada ya sala. Alipofika penye maua akasimama, akainua mikono, akasoma Fatiha. Kisha akaniuliza kwa upole mke wangu alifariki lini, na kwa nini mshenga alilificha jambo hilo. Asumini zote hizi, alisema, mtu hampandii ila mkewe. Niliapa wallahi sijapata kuoa. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyorudi nyuma, hata akawa yuko njiani, na jibu la posa nikalisoma mgongoni mwake.

Nikamwendea bibi pale dirishani, nikamuuliza kama ni yeye aliyenisengenya Mtongwe.

"Mwanangu, umejenga kaburi mlangoni pako, tena kwa kipimo chako mwenyewe, kisha waja kuniuliza mimi nani kakuharibia posa."