Jina la Mama Yangu Liliokotwa Nanyuki

Mwaka ule tuliokula nduma asubuhi na nduma jioni, kwa sababu mvua ya El Nino iliozesha viazi vyote huku Giakanja, ndio mwaka kosa langu lilianza. Ni langu. Simsingizii mtu.

Sisi kina mama kumi na wawili tulikuwa tukisuka vyondo, vile vikapu vyetu vya katani. Mjukuu wangu, karani wa kompyuta Nyeri mjini, akaviweka kwenye intaneti. Akasema lazima tuwe na domeni, yaani jina ambalo mteja akiliandika kwenye kompyuta anatufikia sisi, si mwingine. Nikampa jina la mama yangu, aliyenifunza kusuka. Uui, maagizo yalivyokuja! Tulisuka mpaka vidole vikachubuka.

Baada ya miaka miwili mjukuu akaja mbio.

"Cucu, domeni inaisha muda. Lazima tulipie tena."

"Kulipia nini?"

"Jina. Tulikuwa tumelikodisha tu."

Nikawaka! Kwetu mtoto akishapewa jina la nyanya yake, amepewa. Binti yangu wa pili ana hilo jina la mama. Sijawahi kumkatia laiseni kama mbwa!

"Wewe umesoma ukapotea," nikamwambia.

"Cucu, kuna siku chache za msamaha. Zikiisha, mtu yeyote anaweza kulichukua."

"Alichukue tuone!"

Pesa ya kikundi ilikuwepo, mweka hazina ameishika mkononi. Mimi mwenyekiti nikamwamuru airudishe mfukoni. Kichwa kigumu kama jiwe la kusagia!

Basi likachukuliwa. Mfanyabiashara mmoja wa Nanyuki, anayeuzia wageni vikapu vya plastiki, akalisajili kwa jina lake. Mteja akiandika jina la mama yangu, anakutana na takataka za huyo mtu! Mzungu mmoja alifunga safari mpaka hapa kutufokea, ameshika kikapu kilichokatika mkono. Ati ndicho mama yangu alinifunza!

Maagizo yakakauka. Mjane mmoja wetu sasa anachuma majani chai ya watu huko Kangari.

Nilimwendea huyo mfanyabiashara huko Nanyuki. Akacheka.

"Shosho, aliyeliandikisha ndiye mwenyewe. Lakini niko na roho nzuri, nitakuuzia."

Mwizi! Na mlango nilimfungulia mimi, kwa mikono yangu hii!

Nyinyi wenye domeni, sikieni. Ulizeni imeandikishwa kwa jina la nani. Ulizeni muda wake unaisha lini, mlipie mapema, na hizo siku za msamaha msizingoje. Na mwenyekiti akiwa na kiburi kama changu, mpigieni kelele mpaka anyamaze!

Juzi kina mama walikuja kwangu, na yule mjane akiwa mbele.

"Mama, nunua tu turudi kazini."

"Sinunui jina la mama yangu."

"Hata tukichanga sisi wenyewe?"

"Sinunui jina la mama yangu."