Mchapaji Aliyeacha Kupamba Skrini

Kwii. Ni bawaba ya laptop kuukuu, na chumba bado kina giza. Mchapaji anasimamisha mkono, anategea sikio kitandani. Binti yake wa miaka minne anajigeuza, kisha analala tena.

Ni saa kumi na nusu alfajiri. Kazi yake ni kusikiliza rekodi za mikutano na kuandika kila kilichosemwa. Ya leo, mkutano wa wauguzi, lazima imfikie mhariri kabla ya saa tatu asubuhi. Ikikubaliwa, atapata kazi ya kila wiki na kuacha kibarua cha dukani kinachomfanya amwache mtoto kwa wifi yake mpaka jioni.

Ikikataliwa, basi. Hii ni nafasi ya pili; ya kwanza aliipoteza mwenyewe, wala hafichi.

Laptop aliachiwa na kaka yake. Ilikuwa nzito kuwaka, unaweza kuoga ukarudi ukaikuta bado inajifikiria. Fundi, rafiki wa kaka, akaiwekea Linux, mfumo wa bure unaomwachia mtu achague skrini yake ionekane vipi na ifanye kazi vipi.

Mchapaji akachagua sura yenye mbwembwe kuliko zote. Madirisha ya kwenye skrini yalitikisika kama maji kwenye beseni. Kila jioni alibadilisha picha, rangi, hata mwandiko wa saa. Fundi alipopita kumsalimia alichungulia, akauliza, "Dada, hii ni ofisi au saluni?"

Mchapaji alicheka. Jumapili moja, rekodi ikiwa inasubiriwa kesho yake, alikuwa bado anatafuta alama za mafaili zinazoendana na picha ya nyuma ya skrini. Alipogusa kisichoguswa, skrini ikaganda. Kazi ilifika imechelewa siku nzima, na mhariri akamwambia kwa upole kwamba wamepata mtu mwingine.

"Nilijiona nafanya kazi," anasema. "Kumbe nilikuwa napamba meza."

Alianza upya na sura nyepesi. Akaifanya skrini nyeusi tupu ili mwanga usimwamshe mtoto. Kipanya cha laptop akakiweka kabatini kwa sababu ya mlio wake. Sasa kitufe kimoja kinasimamisha sauti, cha pili kinairudisha nyuma sekunde tano, cha tatu kinaandika muda. Rekodi ya saa moja, iliyokuwa ikimla saa saba, sasa inamalizika kwa nne na nusu.

Wifi yake alipoiona skrini hiyo alimpa pole, akidhani mashine imekufa.

Akitamani kubadilisha kitu, anakiandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani na kusubiri Ijumaa. "Ijumaa ikifika, mengi nayafuta. Yalikuwa uchovu tu."

Saa mbili na dakika arobaini anatuma. Anakunja nguo zilizokwisha kunjwa. Jibu la mhariri linaingia kabla ya saa tatu: kazi ni safi, na rekodi nyingine inakuja Jumatatu.

Hapigi vigelegele. Anafunga madirisha yote ya laptop, skrini inabaki nyeusi, kisha anampakata binti yake aliyekwisha kuamka. Jambo moja kwenye karatasi halijafutwa kwa wiki sita, anaeleza: kuweka picha ya mtoto pale mbele. Ijumaa hii ataiweka.

Mtoto anaikaribia skrini mpaka pua inaigusa. Mwanga wa dirishani uko nyuma yake, na skrini nyeusi imekuwa kioo.

"Mama, mbona tayari nimo humu."