Taa Asiyoiuza

Muuza mijusi wa mtaani kwetu ana mikono ya mkunga. Humlaza kifuani pake mjusi wa kufugwa, wa aina yenye ndevu za miiba, na kumkuna kidevu kwa kidole kimoja mpaka mnyama afumbe macho, huku akikwambia kwa sauti ya chini, "Sanduku la kioo, mchanga na balbu yoyote ile, basi, mama. Ataishi kama mfalme." Nami aliniambia hivyohivyo. Balbu ilimpa mjusi wangu joto, lakini haikumpa miale kama ya jua. Mifupa yake ikalainika, miguu ikapinda, taya likalegea. Nilipomrudisha, alimpokea kwa upole uleule, akampapasa mgongo, akaguna. "Maskini, huyu alizaliwa dhaifu. Chukua mwingine." Nyuma yake, rafuni, mjusi wake mwenyewe, mzee na mnene, alikuwa amejinyoosha juu ya jiwe chini ya taa ndefu nyeupe. Nikamuuliza taa ile ni ya nini. Hata haya hakuona. "Ya miale, ya kukaza mifupa. Hiyo siiuzi," akasema, kidole chake kikiendelea kumkuna wangu kidevuni. "Nikiwauzia hiyo, mtarudi hapa kufanya nini?"