Nilijifanya Kushindwa na Kaka wa Mchumba Wangu

Je, inafaa kumwekea goti tumboni mtu ambaye wiki ijayo utakwenda kumwomba dada yake? Swali hilo lilininyima usingizi, na jinsi nilivyolijibu ndilo kosa ninalokuja kuwaambia. Nilikosea, tena mbele ya watu!

Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na chuo nimemaliza Mbarara juzijuzi. Kazi sijapata, kwa hiyo muda wa kuwaza ninao kupita kiasi. Mtu akinisalimia asubuhi, hadi jioni bado natafuta alimaanisha nini.

Kinachonituliza ni jujitsu. Huku Nakivale tunafanyia mazoezi juu ya maranda ya mbao yaliyofunikwa turubai. Si mchezo wa ngumi. Mmoja hulala chali na kuifanya miguu yake ukuta: mguu mmoja kiunoni kwako, mwingine gotini, na mikono imekamata kimono chako, yaani vazi la mazoezi. Hiyo tunaiita gadi. Kazi yako wewe uliye juu ni kuipita miguu hiyo umfikie kifuani. Kazi yake ni kukuzuia, na ukizubaa anakukamata shingo au mkono mpaka ugonge chini kwa kiganja kukubali umeshindwa.

Mchumba wangu anaitwa Jovia, Mnyankole wa Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara. Baba yao alishafariki, na mwenye sauti nyumbani ni kaka yake Bosco, koplo wa jeshi hapo Mbarara. Tulishapanga Jumapili ya mimi kwenda kwao kujitambulisha. Sasa, Jumapili moja kabla ya hiyo, timu yetu ilialikwa Ruti kupambana na timu ya Mbarara. Tukatajiwa wapinzani wetu mapema. Wangu? Afande Bosco!

Siku ikafika. Benchi la mbele, nani anamenya karanga? Mama yao!

Bosco akajilaza chali, akanifungulia gadi. Nilijua la kufanya. Nikashika suruali yake magotini, nikaisukuma miguu upande mmoja, nikakimbilia upande wa pili. Njia ikawa wazi kabisa! Kilichobaki ni kushuka na goti.

Ndipo kichwa changu kikaanza. Mama anatazama. Kwetu shemeji haguswi ovyo, kwao je? Nikimkandamiza, watasema Wakongo hatuna adabu? Na nikimkandamiza kidogo tu, kwa heshima?

Jamani! Nikajifanya nimeteleza, nikauacha mkono wangu katikati ya miguu yake. Akaukamata, akaunyoosha. Nikagonga chini hata kabla haujauma.

Watu wa Mbarara walishangilia. Bosco hakushangilia. Timu yetu ilishindwa kwa sababu ya pambano hilo moja, na mwalimu wetu, Papa Wilo, hakunionea haya.

"Weye! Tulikuleta huku kupigana, unakuja kuposa?"

"Niliteleza, Papa."

"Uliteleza ku nini? Batu bote baliona!"

Wenzangu waliniita Mukwe hadi tukafika Nakivale. Hilo ningelivumilia. Lakini kabla hatujaondoka, Bosco alinifuata nje nikifunga viatu.

"Wewe, mkono yako ilikuja yenyewe. Kama mbuzi inajua njia ya nyumbani."

"Afande, ulinizidi nguvu."

"Wacha kudanganya mimi! Leo umenipa mkono sababu unaniogopa. Kesho mutu wa nguvu akikuja, utamupa Jovia?"

Mimi majibu yangu hufika mtu ameshaondoka!

"Ile Jumapili, usikuje," akasema.

Nikampigia Jovia, nikidhani atanitetea.

"Umemdharau kaka yangu mbele ya mama," akasema. "Na mimi je? Nitajuaje siku unayonikubalia kwa moyo na siku unayoniachia tu ili tusigombane?"

Akakata simu. Wiki ile hakuipokea tena.

Nililia, sifichi! Nilidhani nimeonyesha heshima, kumbe nilimchukulia mtu mzima kama mtoto anayeachiwa ashinde asije akalia. Nilitunga maneno ya kuomba radhi, nikayabadilisha, nikayapanga upya, mpaka yakanichosha mwenyewe. Jumamosi nikayaacha yote, nikatia kimono kwenye mfuko, nikapanda gari hadi Ruti.

Bosco alikuwa mazoezini.

"Afande, nilikuachia. Nilikosea. Naomba turudie."

Akanitazama. "Mama leo hayuko."

"Hata angekuwepo."

Akajilaza chali.

Nilipojaribu kupita mara ya kwanza, alizungusha kiuno, akarudisha mguu tumboni kwangu, akanirusha kama gunia la mihogo! Nikarudi. Nikashika suruali, nikasukuma, nikakimbia, nikashuka na goti, na uzito wangu wote juu yake.

"Eeeh! Mzito wewe! Wanakupa nini huko Nakivale?"

"Posho na maharage, afande. Ugali kila siku!"

Nikacheka, naye akapata nafasi. Akapinduka, akanikamata shingo, akaibana hadi nikaona nyota. Nikagonga chini, na safari hii nilikuwa sina ujanja!

Akakaa akihema, akijishika ubavu.

"Kesho kuja saa saba, mama anapika. Na usikae karibu na mimi, hii mbavu inauma."

Nilikwenda, na aliyenifungulia mlango ni Jovia.

Nyinyi mnaosoma, kama kuna mtu mliyemwachia ushindi mkadhani mmempa heshima, anajua! Alijua kabla hamjainuka. Mfuateni mkamwambie, na mwende leo hii, kabla kichwa hakijaanza kuwatungia maneno mazuri.