Nimeshushwa Ubosi kwa Ajili ya Shikamoo

Jamani, leo nimepoteza ubosi kabla hata ya chai ya saa nne.

Nilitoka Bujumbura kuja Dodoma kuwa nyota wa filamu. Leo, huku Chamwino, nikapewa nafasi ya bosi katili. Kazi yangu ilikuwa kushuka kwenye gari na kumtukana mlinzi.

Mlinzi mwenyewe ni mzee wa Kigogo, kichwa mvi tupu.

Nikashuka. Nikamkazia macho.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Tulirudia mara sita. Mara zote sita aliitikia.

Mwongozaji akatubadilisha. Babu akawa bosi, mimi mlinzi.

Babu alinitukana mara moja tu, ikatosha. Hata mbuzi waliacha kula.

Wenyeji, naomba kuuliza: mzee anatukanwaje kabla hujamwamkia?